Aya ya Tano

Baba yangu, Obeid Kikoti, alifariki Jumanne asubuhi akiwa anamkorogea mama uji. Hakuwa ameumwa hata siku moja. Alishika kifua, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, na jirani aliyekuja kuomba kiberiti ndiye aliyemkuta. Ninalisema hili mapema kwa sababu siku mbili baadaye nilisoma kwenye karatasi kwamba baba alikuwa mtu wa kuugua, na hasira iliyonipanda siku ile haijashuka mpaka leo.

Karatasi yenyewe ilikuwa wasifu wa marehemu. Kwetu Kihesa, Iringa, mtu hazikwi bila wasifu. Kamati ya msiba inakaa, inaandika ukurasa mmoja au miwili: kuzaliwa, shule, ndoa, kazi, kifo, idadi ya watoto na wajukuu. Unachapwa stationery, unatolewa kopi, na siku ya mazishi mtu mwenye sauti nzuri anausoma chini ya turubai, jeneza likiwa mbele yake. Ukishasomwa hakuna wa kuurekebisha. Waliomjua marehemu wanaitikia kwa vichwa, wasiomjua wanakwenda nao huo huo nyumbani.

Wa baba ulikuwa na aya saba. Mwenyekiti wa kamati, baba mdogo Clement, mwalimu mkuu mstaafu, ndiye aliyeuandika kwa mkono wake. Ya tano ilisema: "Marehemu alifanya biashara ya mchele Igawa kwa mafanikio makubwa kwa miaka thelathini na moja, hadi alipostaafu kwa sababu za kiafya."

Nilimfuata mdogo wangu Mika, aliyepewa kazi ya kuusoma. Alikuwa nyuma ya nyumba akihesabu viti vya kukodi.

"Mika, afya ya nani hii?"

"Dada, usianze."

"Nakuuliza. Baba alikuwa anaumwa nini?"

"Hiyo ni lugha tu ya wasifu. Kila mtu anaandikiwa hivyo."

"Baba siyo kila mtu."

Mdogo wangu ni mtu mwema sana na mwoga sana. "Ongea na baba mdogo," akasema, akarudi kwenye viti vyake.

Ukweli tuliujua wote. Baba alikuwa na mashine mbili za kukoboa pale Igawa, kando ya barabara kuu, na Fuso mbili. Alikoboa mpunga wa Usangu, wa Wasangu wenyewe na wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, akausafirisha mchele hadi Makambako, Iringa, mpaka Dodoma. Kila Ijumaa jioni alirudi Kihesa. Jumamosi asubuhi alitupanga watoto watano kwenye benchi la uani, akatukata kucha za miguu mmoja mmoja, huku akiuliza habari za shule. Jibu likiwa baya, alikata kucha bila kusema neno, na huo ukimya ulitutisha kuliko fimbo. Mimi nilikatwa kucha mpaka kidato cha pili, nikagoma. Baba alicheka akasema basi, Marta ameota mapembe.

Mama yetu, Atuganile, ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Walikutana hapo hapo Igawa, mama akiwapikia madereva wali na maharage, baba akiwa kijana wa Kihehe mwenye mashine moja ya kukopa. Waliongea Kiswahili, wakachumbiana kwa Kiswahili, wakatulea kwa Kiswahili. "Nyumba yangu haina kabila," baba alipenda kuwatambia wageni. Sisi tuliona ni jambo zuri, na lilikuwa zuri, ila hatukuwahi kujiuliza mama ameacha nini mlangoni ili aingie kwenye nyumba isiyo na kabila. Kwa miaka karibu thelathini Kihesa hakuwa na mtu wa kuongea naye lugha ya mama yake.

Kisha akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi. Wiki ya tatu ulimi ulipofunguka, tulikuwa tumezunguka kitanda tukilia kwa furaha, na maneno yaliyotoka yalikuwa Kinyakyusa kitupu. Tulingoja Kiswahili kirudi. Hakikurudi. Daktari akasema kwa baadhi ya wagonjwa hutokea hivyo, lugha waliyokuja kujifunza ukubwani inaondoka, ya utotoni inabaki.

Ukoo haukumwamini daktari. "Mtu amekaa kwetu miaka yote hii, anasahauje Kiswahili?" alisema baba mdogo Clement. "Hao watu wana kiburi, nyie hamuwajui. Hataki tu kuongea na sisi." Na neno hilo likaenea, mashangazi wakapunguza kuja, na walipokuja waliongea wao kwa wao, mama akiwa katikati yao kama kabati. Sisi watoto tulifanya nini? Tulimpigia kelele. Tulimwambia KULA MAMA, LALA MAMA, kwa sauti ya kumwambia kiziwi, wakati masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Ninaona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baba hakupiga kelele. Mwezi wa nne baada ya kiharusi aliuza mashine, akauza Fuso zote mbili, akarudi Kihesa moja kwa moja. Alikuwa na miaka sitini na moja, anabeba gunia la mchele begani bila kusaidiwa. Alijifunza kupika, kufua, kumgeuza mama kitandani asipate vidonda. Ukoo ukasema amelishwa dawa. Tulipopiga simu tulisikia nyuma yake mama akiongea, na baba akijibu neno moja moja la Kinyakyusa. Tulidhani ameokota maneno mawili matatu ya kubahatisha.

Tena kulikuwa na suala la ndizi. Kila tulipokwenda likizo nyumba ilijaa ndizi. Mikungu jikoni, mikungu stoo, majirani wamegawiwa mpaka wamechoka. Tulimtania baba kwamba ukwe umemwingia mwilini mpaka anakula kama Mnyakyusa. Alitabasamu tu, akasema ndizi ni nzuri kwa tumbo.

Siku zile mbili za kwanza za msiba mama hakulia. Alikaa kwenye kiti chake cha matairi chumbani, khanga imefunika magoti, wanawake wamejaa kwenye mikeka wakiimba tenzi. Nilimwambia mimi mwenyewe kwamba baba amefariki, kwa Kiswahili na kwa mikono, na alinitazama usoni mpaka nikainamisha macho. Sikujua amenielewa au la. Mashangazi wakanong'ona: mnaona, hata chozi.

Alhamisi mchana aliingia mwanamke mnene, amejitwika mkungu wa ndizi, khanga ya kiunoni ina madoa ya utomvu. Hakumsalimia mtu. Aliutua mkungu mlangoni, akaruka miguu ya watu mpaka kwa mama, akamkumbatia kichwa na kuanza kuongea Kinyakyusa polepole sikioni. Mama alisikiliza. Kisha akafungua mdomo, ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akalia. Alilia kwa maneno, sentensi nzima nzima, na yule mwanamke alikuwa anaitikia kila sentensi.

Ndipo nilipojua kwamba kwa siku mbili tulikuwa tumemwacha mama afiwe peke yake.

Alipotoka kunawa uso nilimfuata bombani. "Mama, samahani, wewe ni nani?"

"Mimi Mama Lugano. Nauza ndizi sokoni hapa Kihesa. Wewe ndiye Marta wa Mbeya?" Akanipima kwa macho. "Baba yako alikuwa mwanafunzi wangu."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akaniambia. Miaka sita iliyopita mzee alifika kwenye meza yake, akamuuliza kama ni Mnyakyusa. Akamwambia: nifundishe kumuuliza mke wangu anaumwa wapi. Akamfundisha. Kesho yake akarudi: nifundishe kuelewa akinijibu. Mama Lugano akamwambia, mzee wangu, hiyo sasa ni shule. Akajibu, basi nimeanza shule. Alikuja kila Jumanne na Jumamosi, akakaa kwenye gunia nyuma ya meza, na kwa kuwa Mama Lugano alikataa malipo, kila siku aliondoka amenunua mkungu.

"Tulimcheka sana," akasema. "Alikuwa na kichwa kigumu, ulimi wa Kihehe haugeuki. Lakini hakosi. Mvua inanyesha, yupo. Mwaka wa pili akaniambia, Mama Lugano, sasa nifundishe kugombana. Nikamwambia, kugombana kwa nini? Akasema, mke wangu ananigombeza asubuhi mpaka jioni na mimi nanyamaza tu, anaona simjali. Basi nikamfundisha." Akacheka huku machozi yanamtoka. "Wiki iliyofuata akaja anatembea kama bwana harusi. Wamegombana."

Nilikaa chini hapo hapo kwenye udongo uliolowa. Nina duka la vipuri vya bajaji pale Mwanjelwa, Mbeya, mwaka wa kumi na moja sasa. Kuanzia asubuhi hadi jioni wateja wangu, jirani zangu, mama anayeniletea chai, wote wanaongea Kinyakyusa mbele ya uso wangu. Mimi najua kusalimia na kupunguza bei. Mzee wa miaka sitini na moja alitafuta mwalimu Iringa kwa shida, na mimi niliyezungukwa na walimu sikuwahi kuuliza neno moja.

Nikanyanyuka, nikajikung'uta. Niliazimia mambo mawili palepale bombani: aya ya tano itaandikwa upya, na mama ataisikia kwa lugha anayoielewa, mbele ya watu wote, kabla mumewe hajafukiwa.

Baba mdogo Clement alikuwa sebuleni na kamati. Nilimwita pembeni, nikapiga goti kidogo kama ilivyo desturi, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sikatai.

"Marta mwanangu," akasema, "naelewa uchungu wako. Lakini fikiria. Baba yako alikuwa mtu mkubwa. Watakuja wafanyabiashara wa Igawa, watakuja wa Makambako. Unataka wasikie kwamba aliacha mashine akaenda kukaa kwenye gunia kufundishwa na wauza ndizi? Watamcheka."

"Wauza ndizi walishamcheka. Aliendelea kwenda."

"Na mama yako unamtoa nje ya nini? Mjane hakai kwenye turubai na wanaume. Atakaa ndani mpaka mwili uondoke. Halafu tunaanza kutafsiri, ibada itachukua muda gani? Huu ni msiba wa Wahehe."

"Ni msiba wa mume wake, baba mdogo."

"Kopi zimeshatolewa," akasema, akageukia wenzake. Kwake yeye yalikuwa yamekwisha.

Jioni ile nilikaa kwenye benchi la uani, nikaandika. Mimi siyo mwandishi, nimezoea kuandika oda za vipuri, na kila nilichoandika kilikuwa kirefu au cha kujisifu. Nilifuta mara nne. Mika alipita, akasoma begani kwangu, akaenda zake.

Ijumaa ilikuwa na upepo ule wa Iringa wa mwezi wa saba, unaopitisha vumbi chini ya turubai na kuwafanya watu wajikunyate. Uwanja ulijaa. Walifika kweli watu wa Igawa, basi zima, na kati yao mzee mmoja Msukuma wa Usangu, Mwigulu, aliyeshika kofia mkononi muda wote. Jeneza lilikuwa katikati. Saa sita kamili MC akatangaza wasifu, Mika akasimama kwenye maiki.

Mimi nilikuwa chumbani. Mama Lugano alikuwa ameshamfunga mama kilemba. Nilishika mikono ya kiti, na shangazi yangu mkubwa akakaa mlangoni, mgongo umeegemea mwimo mmoja, miguu kwenye mwimo mwingine.

"Mjane hatoki," akasema.

"Shangazi, naomba njia."

"Hatoki, Marta. Hujafundishwa?"

Kule nje Mika alishafika aya ya tatu, ndoa. Nikamwambia shangazi, kwa sauti ambayo nadhani iliwafikia mpaka wapishi: "Shangazi, nakuheshimu sana, na nitapita. Ukitaka tupite juu yako tutapita juu yako, na matairi haya yametoka kwenye tope."

Akatazama matairi. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Akavuta miguu.

Tulipotokea kwenye ngazi, Mika alikuwa anasema, "...kwa mafanikio makubwa kwa miaka thelathini na moja, hadi alipo..." Akatuona. Akanyamaza. Watu wakageuka wote. Baba mdogo Clement alinyanyuka kitini, akamfanyia Mika ishara ya mkono aendelee. Mika akamtazama, akaitazama karatasi, akamtazama mama. Halafu mdogo wangu mwoga akasogea pembeni ya maiki, akasema bila kipaza sauti, lakini wote tulimsikia: "Aya ya tano anayo dada."

MC alisogea kunikumbusha ratiba, kwamba saa sita na nusu mchungaji anatusubiri kanisani. Nikamwambia asubiri. Nilimsogeza mama mpaka kiti kikagusa meza ya jeneza, Mama Lugano akachuchumaa ubavuni kwake, nikafungua karatasi yangu. Nilisoma sentensi moja moja, nikisimama, Mama Lugano akiisema kwa Kinyakyusa kwa sauti kubwa ya sokoni.

"Marehemu alistaafu akiwa mzima wa afya. Mkewe alipata kiharusi, akapoteza Kiswahili chote, akabaki na lugha ya kwao. Ndani ya nyumba hii hapakuwa na mtu wa kumjibu. Ndugu walisema anaringa. Watoto walimpigia kelele. Marehemu aliuza mashine zake na magari yake, akaenda soko la Kihesa kujifunza Kinyakyusa kwa wauza ndizi. Alikwenda kila Jumanne na kila Jumamosi. Mwanzo alijifunza kumuuliza mkewe anaumwa wapi. Baadaye alijifunza kugombana naye. Alikwenda mpaka Jumamosi iliyopita. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho, na aliifanya vizuri kuliko ya mchele."

Hakuna aliyecheka. Nilimsikia mtu wa Igawa nyuma akisema "Kikoti!" kama anavyoitwa mtu aliyefanya jambo. Baba mdogo Clement alikuwa bado amesimama. Sikuona hasira usoni kwake. Aliona mama anavyosikiliza, jinsi alivyoinamisha kichwa upande wa Mama Lugano asipitwe na neno, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba kwa miaka sita mama hakuwa anaringa. Akakaa polepole.

Nilidhani nimemaliza. Nilishaanza kukunja karatasi, Mika akarudi kwenye maiki na aya yake ya sita. Ndipo mama akaongea. Alisema maneno machache, akilitazama jeneza, kisha akatutazama sisi watoto wake watano mmoja baada ya mwingine, akayasema tena. Hakuna kati yetu aliyeelewa.

Mama Lugano hakutafsiri.

"Anasemaje?" nikauliza.

Akajifuta pua kwa upindo wa khanga. "Anauliza," akasema, "kuanzia kesho asubuhi ataongea na nani."

Maiki ilikuwa wazi, uwanja mzima ukasikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi tangu jana yake, na ugomvi ungekuja ningeuweza. Swali lile lilinikuta mikono mitupu. Nilifikiria duka langu la Mwanjelwa, chumba cha nyuma nilichokijaza mabomba na matairi, mlango wake usio na ngazi. Nilifikiria jirani zangu wote wale na Kinyakyusa chao. Haikunichukua muda mrefu.

"Mama Lugano," nikasema, "neno la kusema 'mimi' kwenu ni lipi?"

"Une."

Nikapiga magoti mbele ya kiti. "Une," nikamwambia mama.

Akanishika kidevu kwa ule mkono wake wa kushoto, mzima, akalitamka lile neno mwenyewe, taratibu, akangoja. Nikalirudia. Akatikisa kichwa: bado. Nikalirudia tena, na tena, mbele ya jeneza na watu wote wale, na saa sita na nusu ikapita, wala MC hakusema kitu.